Mafuta Ndani ya Jiwe Lisilopitisha Maji

Hotuba mbele ya wanafunzi na wakaazi wa Kamalondo, Lubumbashi

Wababa na wamama, na nyinyi vijana wa jiolojia mliosimama nyuma baada ya wazee kuchukua viti, nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuja Jumamosi, siku ambayo katika mji huu kila familia ina ndoa au matanga.

Nimeombwa nizungumze juu ya mafuta na gesi, na najua ombi limetoka wapi. Julai 2022 serikali yetu ya Kongo ilifungua mnada wa maeneo 27 ya mafuta na 3 ya gesi. Maeneo 11 kati ya yale ya mafuta yalikuwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika, yakiwemo yaliyo katika nchi ambayo hadi 2015 ilikuwa Katanga moja na hii yetu. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Maneno yake hayakufutwa. Kwenye mabasi bado nasikia kwamba chini ya Moba, kule kando ya ziwa, kuna bahari ya mafuta, kwamba ukitoboa tu yanaruka juu, kwamba Wazungu wanajua siku nyingi ila wamenyamaza. Wazee husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili la bahari halipo, na sioni likija.

Chini ya ardhi hakuna pango lililojaa mafuta. Mafuta hukaa ndani ya mawe, katika vitundu ambavyo vingi jicho haliwezi kuviona, na habari yake yote huanzia kwenye jiwe ambalo yeyote aliyefanya kazi migodini Kambove, Likasi au Kolwezi amelikanyaga. Jiwe hilo ni shale.

Sisi shale tunaifahamu kwa kuipita. Tumekuwa tukiitoboa miaka zaidi ya mia moja tukitafuta shaba. Mzee yeyote aliyewahi kusoma karoti za sondaji, yaani vipande vya jiwe vinavyotolewa na mashine ya kutoboa, atawatajia matabaka ya migodi yetu kutoka chini kwenda juu, kwa vifupisho vya Kifaransa, bila kufungua daftari: RAT, D Strat, RSF, RSC, halafu SD, yaani shales dolomitiques, halafu CMN. Kipande hiki nilichoshika ni karoti ya SD. Tazameni ilivyo nyeusi. Ukipitisha kucha pembeni unasikia matabaka yake, membamba sana, na pale ilipovunjika imevunjika kwa kufuata matabaka hayo. Pembeni yake nimeweka kipande cha jiwe la mchanga. Nadondosha tone la maji juu ya jiwe la mchanga: limeshanyonywa kabla sijamaliza kusema. Sasa nadondosha juu ya shale. Walio karibu waseme wanaona nini. Limesimama, sivyo? Linang'aa pale pale. Tutaendelea kuzungumza, nalo litakauka kwa hewa kabla halijaingia.

Hapo ndipo penye fumbo la jioni hii. Jiwe ambalo tone la maji haliwezi kuliingia ndilo linalotoa mafuta mengi kuliko yote duniani. Yaliingiaje?

Jibu fupi ni kwamba hayakuingia. Yalizaliwa humo.

Shale ni tope. Ni udongo laini uliobebwa na mito, ukatua penye maji yaliyotulia, ukafunikwa na tope jingine, ukakandamizwa hadi ukawa jiwe. Chembe zake nyingi hazifiki hata milimita moja ukiigawa mara mia mbili. Ni bapa, na zikikandamizwa hulala chali zote upande mmoja, ndiyo maana jiwe hubanduka katika matabaka. Zaidi ya nusu ya mawe yote duniani yaliyotokana na mashapo ni ya jamii hii ya tope. Kwa hiyo mtu akikuambia shambani kwake kuna shale, usimpigie makofi bado. Shale ya kijivu, ya kijani au nyekundu iko kila mahali na haina mafuta ya kumtajirisha mtu. Inayotafutwa ni nyeusi, na weusi wake ni kaboni ya viumbe waliokufa.

Viumbe gani? Kuna wanaoamini ni dinosaria. Wengine husema samaki. Ndakala wote wa Kalemie wakifa leo hawatatosha. Wanaofanya kazi hiyo ni wadogo mno: mwani na planktoni, vitu vinavyoelea karibu na uso wa maji na kuishi kwa mwanga wa jua, vinavyozaliana kwa mabilioni na kufa kwa mabilioni. Karibu vyote huliwa au huoza. Katika maji ya kawaida, yenye oksijeni hadi chini, chini ya asilimia moja ya vitu hivyo ndiyo hubaki na kuzikwa. Ili vibaki vingi zaidi, chini ya maji lazima pakose oksijeni, maana mahali pasipo na oksijeni wadudu wa kula mizoga hawaishi na kuoza huenda polepole.

Mahali pa namna hiyo hapahitaji kufikirika. Pandeni basi hadi Kalemie mkatazame ziwa. Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, lakini oksijeni hushuka mita mia moja au mia mbili tu. Kutoka hapo hadi chini kabisa hakuna samaki, hakuna kaa, hakuna konokono. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kwa sababu ya juu yana joto na ni mepesi, ya chini ni baridi kidogo na mazito. Mwani ukifa unashuka katika giza lile, unatua juu ya tope, na mwaka unaofuata unafunikwa. Sakafu ya ziwa inaendelea kudidimia kwa sababu bonde la ufa linapanuka, kwa hiyo nafasi ya tope haiishi, na mashapo yaliyolala chini ya ziwa yamefikia kilomita kadhaa. Ninapowafundisha wanafunzi jinsi shale nyeusi inavyoanza, siwapeleki kwenye picha za Texas. Nawaambia: inaanza leo, mbele ya Kalemie, na boti za wavuvi zinapita juu yake.

Lakini tope lenye mwani si mafuta. Ukilichukua tope lile la Tanganyika ukalikamua, utapata maji yanayonuka. Tope likizikwa mita mia chache, bakteria huchukua sehemu yao kwanza na kutoa gesi ya metani. Kilichobaki hujifunga pamoja na kuwa kitu kigumu, cheusi au cha kahawia, kisichoyeyuka kwenye maji wala kwenye petroli. Wataalamu hukiita kerojeni. Kerojeni iliyotokana na mwani wa maziwa ina hidrojeni nyingi na hutoa mafuta kwa wingi. Ile ya planktoni wa bahari pia ni nzuri. Ile ya miti na majani hutoa gesi zaidi. Jiwe likiwa na kaboni ya namna hiyo asilimia 2 tu ya uzito wake, wataalamu hulihesabu kuwa mwamba mama mzuri, yaani jiwe la kuzaa mafuta. Asilimia 2! Sehemu 98 zilizobaki ni udongo, chokaa na mchanga laini.

Kutoka kerojeni hadi mafuta kinahitajika moto. Simaanishi volkano, namaanisha joto la kawaida la chini. Kila kilomita unayoshuka, joto huongezeka digrii 25 hadi 30 hivi, na waliofanya kazi katika migodi ya chini kama Kipushi wanajua joto hilo kwa mwili. Shale nyeusi ikizikwa hadi digrii 60 hivi, kerojeni huanza kukatika, na vipande vyake ni mafuta. Kati ya digrii 60 na 120, kwa kawaida katika kina cha kilomita 2 hadi 4, ndipo mafuta hutengenezwa zaidi. Ikizidi hapo, mafuta yenyewe hukatika tena kuwa vipande vidogo, hadi kinachobaki ni metani, gesi yenye kaboni moja tu. Ikipita digrii 200 hivi, hata gesi inakoma kutengenezwa. Kinachobaki ni kaboni tupu, inayoelekea kuwa grafiti, ile ya kwenye penseli.

Mnajua wamama wanaochoma mahindi kwenye mbabula jioni. Mahindi ni yale yale, makaa ni yale yale. Linalowekwa pembeni libaki bichi, linalogeuzwa kwa wakati liive, linalosahauliwa liungue liwe jeusi. Nchi yetu ina mahindi yote matatu, na hilo ndilo nililokuja kusema leo kuliko jambo lingine lolote.

Hindi bichi liko Kisangani. Kando ya Lualaba, kati ya Kisangani na Ubundu, kuna shale ambayo wajiolojia wa Kibelgiji waliiandikia ripoti tangu enzi za ukoloni. Ni tope la maziwa ya kale, la enzi ya Jurasiki, na kerojeni imo kwa wingi. Ukikiweka kipande chake motoni kinawaka na kutoa moshi wa mafuta. Watu huona moto ule wakadhani mafuta yamo tayari. Hayamo. Jiwe halikuzikwa chini vya kutosha, kerojeni haijakatika. Kuyapata mafuta yake ingebidi ulichimbe jiwe lenyewe, ulisage, ulipike kiwandani kwa digrii 500 hivi, ufanye kwa saa chache kazi ambayo ardhi hufanya kwa mamilioni ya miaka. Inawezekana, kuna nchi zimefanya, Estonia mojawapo. Gharama na taka zake sizitamanii.

Hindi lililoiva liko Muanda, kwenye pwani yetu fupi ya Atlantiki. Pale, miaka kama milioni 130 iliyopita, Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa zikianza kuachana, palikuwa na maziwa marefu ya bonde la ufa, ndugu wa Tanganyika ya leo. Tope lao jeusi limekuwa shale inayoitwa Bucomazi. Lilizikwa chini ya chumvi na mashapo ya bahari, likapata joto lake sawasawa, na mafuta yaliyotoka humo ndiyo yanayochotwa Muanda, na ng'ambo ya mpaka Cabinda.

Na hindi lililoungua ndilo hili mkononi mwangu. SD yetu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 700. Ilipokuwa tope ilikuwa nyeusi kama la Tanganyika. Baadaye ikazikwa, kisha mabara yakagongana, safu ya milima ikainuka kutoka hapa hadi Zambia, na matabaka yote yakakunjwa na kusukumwa yakapandana. Ndiyo maana katika kariere zetu, yaani migodi ya wazi, unayakuta yamesimama wima au yamegeuzwa kichwa chini. Kama jiwe hili liliwahi kutoa mafuta, basi yalikwisha zamani sana, kabla mmea wa kwanza haujaota juu ya nchi kavu.

Nimetaja mimea kwa makusudi. Ili kupima shale imeiva kiasi gani, kipimo cha kawaida duniani ni kutafuta ndani yake vipande vidogo vya miti ya kale, kuving'arisha, kuvimulika chini ya hadubini na kupima vinarudisha mwanga kiasi gani. Vikirudisha asilimia 0.6 hadi 1.3 ya mwanga, jiwe liko kwenye joto la mafuta. Zaidi ya hapo ni gesi. Kijana akija kwangu na SD anataka nimpimie hivyo, namwambia hatapata hata kipande kimoja, kwa sababu tope hili lilitua kabla dunia haijawa na mti. Kwa mawe ya umri huu tunatumia njia nyingine, kama kuangalia jinsi kaboni yenyewe ilivyojipanga. Kuna pia mashine ya Kifaransa, Rock-Eval, inayochoma unga wa jiwe kidogo kidogo na kupima kinachotoka. Shale ya Kisangani inatoa moshi hadi mashine inafurahi. Jiwe lililopitia yaliyolipata hili la kwetu halitoi kitu cha maana.

Turudi kwenye shale iliyoiva, maana hapo ndipo swali la tone la maji linapojibiwa. Kerojeni ngumu inapogeuka mafuta na gesi, inahitaji nafasi zaidi. Nafasi haipo. Jiwe limebanwa pande zote na kilomita za mawe juu yake. Shinikizo la ndani hupanda hadi jiwe lenyewe linapasuka nyufa nyembamba kuliko unywele, na mafuta hujikamua kupitia humo. Yakishatoka kwenye shale yakakuta jiwe la mchanga au chokaa yenye matundu, hupanda, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji yaliyojaa matundu hayo. Hupanda hadi yanapokuta jiwe lisilopitisha, ambalo mara nyingi ni shale nyingine au chumvi, na pale yanakusanyika. Yasipokuta kizuizi, yanafika juu kabisa na kupotea. Mengi ya mafuta yaliyowahi kutengenezwa duniani yalipotea hivyo. Kwenye Tanganyika, karibu na Cap Kalamba upande wetu, lami ya mafuta hutoka yenyewe ziwani. Watu wanaonionyesha habari hiyo kama ushahidi wa utajiri, nawaambia ni ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuna tope limeiva huko chini, na kwamba mahali pale mfuniko unavuja.

Kwa zaidi ya karne moja wachimbaji walitafuta yale yaliyohama tu. Walijua mwamba mama upo, walimpa heshima zake kwenye ramani, wakatoboa hadi upande wa pili. Kumbe sehemu kubwa haikuhama. Nyingine imejibandika kwenye uso wa kerojeni na wa chembe za udongo. Nyingine imo ndani ya vitundu vilivyojitengeneza katikati ya kerojeni yenyewe ilipokuwa inakatika. Vitundu hivyo vilionekana vizuri mwaka 2009 tu, watafiti wa Texas waliposugua uso wa shale kwa miale badala ya msasa na kuuweka chini ya hadubini ya elektroni. Ni vya nanometa, yaani sehemu za milioni za milimita. Molekuli ya metani inapita humo kwa kubanwa. Ya mafuta, iliyo kubwa na nzito, inapita kwa shida zaidi, au haipiti. Jiwe moja, basi, limefanya kazi tatu: limezaa mafuta, limeyaweka, na limeyazuia kutoka. Mamilioni ya miaka mafuta yamo humo humo.

Kwamba gesi imo kwenye shale, Wamarekani walijua mapema. Mwaka 1821, katika mji mdogo wa Fredonia jimbo la New York, William Hart aliona mapovu ya gesi kijitoni, akachimba kisima cha mita kama 8 ndani ya shale, na gesi yake ikawasha taa za mjini. Hiyo ni miaka 38 kabla ya kisima maarufu cha mafuta cha Drake kule Pennsylvania. Lakini gesi ya Fredonia ilitoka kupitia nyufa za asili, kidogo kidogo, na hakuna aliyetajirika.

Aliyebadilisha mambo ni George Mitchell, mtoto wa mhamiaji Mgiriki aliyefuga mbuzi alikotoka. Kampuni yake ilianza kutoboa shale iitwayo Barnett, karibu na Fort Worth huko Texas, mwaka 1981. Shale ilikuwa na gesi, kila mtu alikubali, na kila mtu alikubali pia kwamba haitoki. Kwa miaka kama 17 wakajaribu kulipasua jiwe kwa kusukuma ndani yake vimiminika vizito vya bei ghali, wakapata kidogo. Wahandisi wake wenyewe walishauri aachane nayo. Mwaka 1998 fundi wa kampuni hiyo alipunguza dawa, akatumia maji karibu matupu, mengi, kwa nguvu kubwa, na mchanga kidogo wa kushikilia nyufa zisijifunge. Jiwe likafunguka. Mitchell alikuwa na miaka 79. Mwaka 2002 kampuni ilinunuliwa na wengine, wao wakaongeza kitu cha pili: kukunja kisima. Unatoboa wima kilomita mbili, kisha unageuza na kwenda kwa ulalo ndani ya tabaka la shale, kilomita mbili au tatu, ukipasua kila baada ya hatua. Kilichofuata mnakijua kwa bei ya mafuta: shale ya Marcellus ya Pennsylvania kwa gesi, Bakken ya North Dakota na Eagle Ford ya Texas kwa mafuta, na kufikia 2018 Marekani ikawa ya kwanza duniani kwa kutoa mafuta ghafi.

Sisemi haya ili tuwaonee wivu. Nimeona vijana wakisoma habari hizo kama za kupata dhahabu, nataka waone na upande wa pili. Kisima cha shale kinaanza kwa nguvu na ndani ya mwaka wa kwanza mtiririko wake hushuka zaidi ya nusu, kwa sababu unachota kilicho karibu na ufa tu, cha mbali hakisogei. Inabidi utoboe kingine, na kingine. Hata hivyo, kwa mafuta, zaidi ya sehemu tisa katika kumi hubaki ndani ya jiwe. Kisima kimoja kinaweza kumeza lita milioni 20 za maji au zaidi, na sisi hapa tuna mitaa ambamo wamama wanaamka saa nane usiku kukinga ndoo. Maji yanayorudi ni machumvi yenye kemikali. Oklahoma waliyasukuma tena chini kabisa kuyaficha, yakalainisha mipasuko ya zamani ya ardhi, na Septemba 2016 karibu na mji wa Pawnee ardhi ikatetemeka kwa kipimo cha 5.8. Ufaransa ilipiga marufuku upasuaji huo wa mawe tangu 2011. Argentina iliukubali, na shale yao ya Vaca Muerta inatoa kweli. Kila nchi ina hesabu yake.

Kuna aliyeniletea karatasi kabla sijapanda hapa, anauliza: gesi ya Ziwa Kivu nayo ni ya shale? Hapana, ndugu yangu, na nafurahi umeuliza kwa kuwa magazeti huchanganya. Gesi ya Kivu, metani zipatazo mita za ujazo bilioni 60, imeyeyuka ndani ya maji ya chini ya ziwa. Imetengenezwa na bakteria, sehemu kutokana na mwani uliooza, sehemu kutokana na gesi ya kaboni inayotoka kwenye volkano. Haikuhitaji kuzikwa wala digrii 60. Kuitoa unateremsha bomba, maji yanapanda, gesi inajitenga yenyewe kama unavyofungua chupa ya bia ya Simba. Rwanda wana kituo kinachoiwashia umeme wa megawati 26 tangu 2016. Ni jambo zuri na la hatari yake, lakini ni somo la siku nyingine, na wenye kulitoa vizuri wako Goma.

Kwa hiyo mtu akija Moba au Kalemie na ramani yenye miraba, akisema humu mna shale nyeusi, muamini kwanza, pengine imo kweli. Kisha muulize kilicho cha thamani: tope hilo limepata joto kiasi gani, na kilichotoka kimezuiwa na nini? Kama hana karoti na hana vipimo vya maabara, ana karatasi tu. Mimi binafsi naliona Tanganyika lina tope zuri kabisa, joto la bonde la ufa si haba, na mipasuko mingi mno ya kuvujia. Nisingeuza ng'ombe wangu kwa ajili yake, na nisingecheka anayelitafiti kwa uangalifu, mradi asiwaharibie watu ziwa wanalokunywa.

Na SD yetu? Mzee mmoja wa mstari wa mbele amekuwa akitikisa kichwa tangu niliposema imeungua. Anafikiri nimeitukana. Mzee, nilikuwa nakuja.

Kaboni ile ambayo katika nchi nyingine iligeuka mafuta, hapa ilifanya kazi tofauti. Tope jeusi lisilo na oksijeni hukusanya salfa, kwa sababu bakteria wake hupumua salfeti za maji ya bahari na kutoa gesi ile inayonuka kama yai bovu, nayo ikikuta chuma huwa piriti. Baadaye maji ya moto, yenye chumvi nyingi na yaliyobeba shaba na kobalti, yalipita katika matabaka haya. Maji yenye oksijeni hubeba shaba bila shida. Yalipogusa jiwe jeusi, kaboni na salfa viliiondolea shaba hali ile ya kuyeyuka, ikaganda papo hapo kuwa madini ya kalkositi, borniti na kalkopiriti, na kobalti ikawa karoliti. Malakiti ya kijani ambayo watoto huuza barabarani ilikuja mwisho, mvua na hewa vilipoyala madini hayo karibu na uso. Ndiyo maana shaba yetu imekaa chini na juu ya tabaka la RSC, ikiegemea shale, na ndiyo maana mchimbaji mdogo wa mikono asiyejua kusoma hufuata mstari mweusi ukutani mwa shimo. Ujerumani, katika wilaya ya Mansfeld, walichimba shale nyeusi yenye shaba kwa karibu miaka 800, katika tabaka ambalo unene wake haukufika hata nusu mita, wanaume wakilala ubavu kuligonga kwa sururu, wakaacha 1990. Tabaka hilo hilo linaendelea chini ya ardhi hadi Poland, na kule Lubin bado linachimbwa leo.